Mwamba wa Oak Ridge

Mwenzangu wa sauti ya nne alinipa kadi yake ya simu baada ya mazoezi ya kwaya, akaniambia: "Sikiliza hawa wazee, kisha uniambie kama sisi tunaimba ao tunapiga kelele." Ndani mlikuwa na Rock of Ages, albamu ya mwaka 2015 ya Oak Ridge Boys, kundi la kantri la Marekani. Ni nyimbo za kanisani karibu zote. Nimeisikiliza wiki tatu sasa, na nina maneno mawili ya kusema juu yake, moja la sifa na moja la ugomvi.

Sifa kwanza. Wengi wanawajua hawa kwa "Elvira", wimbo wao wa 1981, ule ambao besi ya Richard Sterban inashuka mpaka unadhani spika imeharibika. Lakini kantri si kwao pa kuzaliwa. Kundi lilijulikana tangu miaka ya 1940 kwa kuimba injili, na likahamia kantri miaka ya 1970. Kwa hiyo tusiwahesabu kama watu wa baa waliokumbuka kanisa uzeeni. Wamerudi nyumbani, na inasikika. Duane Allen anashika wimbo, Joe Bonsall anapanda juu, William Lee Golden anakaa katikati, Sterban anabeba wote. Hakuna anayetaka aonekane kuliko mwenzake. Sisi wa kwaya zetu, ambako kila soprano ni Jumapili yake ya kushinda, tungejifunza hapo. Golden alikuwa amepita miaka 75 walipoitoa, na hakujificha: sauti imezeeka, ameiacha izeeke.

Sasa ugomvi. Wimbo uliopa albamu jina ni wa Augustus Toplady, mchungaji Mwingereza wa karne ya 18. Waswahili wengi tunaujua kama "Mwamba Wenye Imara". Ni wimbo wa mtu anayetafuta pa kujificha. Kwenye albamu hii vyombo vimetandikwa kama kitanda cha mgeni, hakuna hata mkunjo. Unaimbwa na mtu ambaye amekwisha kufika, amekula, ameketi. Huku kwetu tunauburuta polepole, kwenye matanga hasa, na kuna mahali lazima mama mmoja avunjike sauti, wengine wamshike. Mkimbizi na kimbilio ni neno la shina moja. Anayeimba kimbilio bila kukimbia ameacha nusu ya wimbo nje. 17th Avenue Revival, albamu yao ya 2018 waliyoitengeneza na Dave Cobb, ina vumbi zaidi, na kwangu inaipita hii.

Ningeishia hapo, ila jina la kundi halikuniacha nilale.

Oak Ridge ni mji wa Tennessee. Serikali ya Marekani iliujenga kwa siri kuanzia 1942, kwa ajili ya kusafisha urani ya bomu la atomu. Vijiji vilikuwepo pale kabla: Wheat, Elza, Robertsville, Scarboro. Watu kama 3,000 walipewa barua ya kuondoka, wengine wiki chache tu, wakaacha mashamba na makanisa yao. Kanisa moja la Wheat limesimama mpaka leo, kijiji hakipo. Kisha wakaletwa wafanyakazi, ukuta wa waya, mageti, vitambulisho vya kutoka na kuingia. Kufikia 1945 mji ulikuwa na watu kama 75,000. Wally Fowler na waimbaji wake walikuwa wakienda kuwaimbia injili watu wa ndani ya ule waya. Waliitwa mara nyingi hata wakachukua jina la mji: Oak Ridge Quartet. Ndiyo mzizi wa hawa wazee wanne.

Msomaji wa gazeti letu hahitaji kuelezwa maana ya geti, kitambulisho na wimbo wa Jumapili ndani ya waya.

Na mimi nimezaliwa Likasi. Si mbali na pale kuna Shinkolobwe, mgodi wa Union Minière, kampuni ya Wabelgiji. Sehemu kubwa ya urani ya kazi ile ya siri ilitoka humo. Mawe yalichimbwa na watu wa Katanga ambao hawakuambiwa ni ya nini, yakavuka bahari. Yaliyosafishwa Oak Ridge yakaanguka Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Kumbe mwamba wetu ulifika kwao kabla ya wimbo wao kufika kwenye simu yangu.

Nifanye nini basi na albamu hii? Nimejiuliza kweli. Wale wanne hawakuchimba wala hawakutupa bomu, jina walilikuta. Wala sitaki mtu aimbe kwa aibu. Lakini kundi linalobeba jina lile, likichagua kuita albamu yake kwa mwamba, lingeweza kutuachia sauti moja isiyotulia, dakika moja ambamo mwamba si wa kujificha tu, ni wa kuogopwa pia. Hilo sikulisikia popote, na ndiyo upungufu wake mkubwa.

Kadi nimemrudishia mwenzangu. Nimemwambia tunaimba, hatupigi kelele. Nimemwambia tena kwamba besi ile tuiibe, Jumapili hii, kwenye ubeti wa mwisho, tukiuburuta kama kwetu. Akaniuliza kama nimeipenda albamu. Nimeipenda. Ndiyo maana nimeigombeza hivi.