Mwili na Nchi za Kubuni: Vitabu vya Kumfaa Msomaji wa Ufipa

Msomaji wa Kabwe, bandari ya Ziwa Tanganyika chini ya uwanda wa juu wa Ufipa, akitaka vitabu vya Kiswahili juu ya nchi ambazo hazikupata kuwako, hapati taabu. Akitaka vya mwili wa mwanadamu, jinsi unavyocheza na unavyofikiri katika mwendo wake, hana budi kuanza na Kiingereza. Mgawanyo huu una kasoro, maana vile vya kwanza vyenyewe vinaukataa.

Mfano ulio bora ni Kufikirika cha marehemu Shaaban Robert, kilichotolewa 1967, miaka mitano baada ya kufa kwake. Wahakiki wamezoea kukisoma, pamoja na Kusadikika (1951), kuwa fumbo la utawala. Ni kweli, lakini haitoshi. Mwalimu wa mwanamfalme hupoteza kazi kwa kuwa ametia michezo katika masomo. Kosa lake ni kuamini kwamba mtoto anayekimbia naye anajifunza. Mfalme ataka kichwa pasipo kiwiliwili, na hapo ubaya wa nchi ile huonekana wazi kuliko katika magereza yote ya Kusadikika. Hata hivyo, mwandishi huitetea michezo kwa hoja zaidi kuliko kwa picha, na hilo ni pungufu.

Nagona (1990) cha Euphrase Kezilahabi ni kigumu, pengine kupita haja. Lakini ngoma kuu inayongojwa humo si pambo. Ndiyo njia ya kuifikia maana.

Kwa Mfipa wazo hili si geni. Roy Willis, katika makala yake ya 1967, alionyesha jinsi Wafipa wanavyoyafikiri mambo ya mamlaka na ya ukoo kwa kichwa na kiuno. Na katika kitabu chake cha 1981 juu ya Ufipa ya kale aliyachambua masimulizi ya Milansi, ambamo wanawake wageni waliotoka safarini waliutwaa utawala. Mwili hapo ni sarufi ya historia. Kitabu cha T. O. Ranger cha 1975 juu ya beni, ngoma iliyoiga gwaride ikaenea kutoka pwani hadi bara, chastahili kukaa kando yake.

Anayeanza na aanze na Kufikirika. Mfasiri naye na aanze na makala ya Willis: ni fupi, na istilahi zake za msingi zimo tayari katika Kifipa.