Daftari la Jua na Daftari la Ziwa

Mwaka 1923 mtaalamu wa hali ya hewa wa Uingereza, C. E. P. Brooks, aliweka pamoja hesabu za namna mbili. Za kwanza zilitoka kwenye vipimo vya maji vya Ziwa Viktoria, vilivyoanza kusomwa mwishoni mwa karne ya 19 katika vituo vya ufuoni kama Entebbe na Kisumu. Za pili zilitoka Zurich, Uswisi: idadi ya madoa meusi yaliyoonekana kwenye uso wa jua. Alipolinganisha mstari wa ziwa na mstari wa jua, kuanzia 1896 hadi 1922, aliona ikipanda na kushuka pamoja. Madoa yakizidi, ziwa limejaa. Yakipungua, nalo limeshuka.

Haikuchukua muda mistari ile ikaachana. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1920 ziwa lilishika njia yake na jua likashika yake, na wazo la Brooks likawekwa kando. Mimi huirudia habari hii mara nyingi, wala si kwa ajili ya Brooks. Ninaowastahi ni wale waliompa namba: waliokwenda ukingoni mwa maji kusoma kipimo, na waliosimama nyuma ya darubini kuhesabu madoa, siku baada ya siku, bila kujua namba zao zingekuja kutumiwa na nani. Wazo lilianguka, lakini namba zao zinatumika hadi leo.

Kipimo cha maji ni bamba lililokazwa kwenye nguzo, limechorwa mita na sentimita. Asiyeijua kazi hudhani ni kutupa jicho na kuondoka. Basi na aende saa tisa alasiri, upepo wa ziwa ukiwa umeshaamka na Ghuba ya Winam, pale Kisumu, inapiga mawimbi. Maji yanagonga alama moja, yanarudi, yanapita alama nyingine, na tofauti ya hizo mbili ni kubwa kuliko ziwa lilivyobadilika wiki nzima. Msomaji mzuri huenda asubuhi, upepo wa nchi kavu ukiwa umechoka na wa ziwa haujaanza. Huinama mpaka jicho likaribie usawa wa maji, maana anayesoma akiwa amesimama wima hupotoka. Maji yakitikisika, husoma wimbi lilipofika juu, husoma liliposhuka, kisha huchukua katikati. Gugumaji likiwa limelisonga bamba, hulisukuma kando na kusubiri maji yatulie. Halafu huandika tarehe, saa na namba.

Siku asiyofika, huacha nafasi wazi. Hapo ndipo ninapoona ustadi wenyewe. Jana maji yalikuwa hapa, kesho yatakuwa karibu hapohapo, na hakuna atakayegundua ukijaza ya katikati kwa kukisia. Lakini daftari lenye namba za kukisia halimfai mtu aliyekaa Ulaya miaka 20 baadaye, kwa kuwa hawezi kutenganisha ziwa na mawazo ya aliyeandika.

Hesabu ya jua nayo ina saa yake, na kwa Kisumu saa hiyo ni ileile ya asubuhi. Alasiri mawingu hujikusanya na ngurumo za Kisumu si ngeni kwa mtu. Tena jua likishapasha ardhi, hewa huchemka juu ya mabati na barabara, na ukingo wa jua kwenye darubini huanza kucheza. Maji hupunguza tabu hiyo, kwa sababu hayapati joto haraka kama udongo, na hewa iliyo juu yake hutulia zaidi. Ndiyo sababu kituo cha kuangalia jua cha Big Bear, California, kilijengwa ndani ya ziwa, na kile cha Udaipur, India, kikawekwa kwenye kisiwa cha Ziwa Fateh Sagar. Kwa kazi hii mtu wa Dunga, ufuoni mwa Kisumu, hana haja ya kuuonea wivu mlima wowote.

Hakuna anayelitazama jua kwa jicho kupitia darubini. Kufumba na kufumbua tu kunatosha kumtia mtu upofu wa maisha, na jambo hili huambiwa mtoto kabla hajafunguliwa sanduku la vifaa. Njia ya kale, ambayo bado ni nzuri, ni kuliacha jua lijichore lenyewe. Unageuza darubini kuelekea juani bila kuchungulia, ukitazama kivuli chake chini: kivuli kikifupika mpaka kikawa kidogo kuliko vyote, darubini imeshalielekea jua. Unashika karatasi nyeupe nyuma ya lenzi ya jicho, na duara la mwanga linaangukia juu yake. Karatasi ina duara lililochorwa mapema, kwa kawaida sentimita 15 kutoka upande hadi upande. Unasogeza karatasi mpaka jua lijae duara, kisha unarekebisha lenzi mpaka ukingo uwe mkali.

Hapo ndipo wanafunzi huanza kusukumana. Mmoja atauliza, “Mwalimu, hilo si vumbi la kioo?” Ni swali ambalo mwangalizi mwenye uzoefu wa miaka 30 hujiuliza kila asubuhi. Jibu lake ni kuigusa darubini kidogo. Vumbi hubaki mahali pake kwenye karatasi, doa la jua huhama pamoja na jua. Kisha unaiacha darubini bila kuigusa. Dunia inazunguka, na jua linahama kwenye karatasi, likimaliza upana wake wote kwa takriban dakika 2. Unachagua doa moja, unafuata njia yake kwa penseli, na mstari huo unakuonyesha mashariki na magharibi ya jua. Bila mstari huo mchoro wa leo hauwezi kulinganishwa na wa kesho, kwa maana jua huonekana kugeuka kadiri saa zinavyokwenda.

Sasa unachora. Doa kubwa lina kiini cheusi kilichozungukwa na ukanda wa kijivu, na penseli lazima itofautishe. Madogo hujitokeza hewa ikitulia kwa nukta moja, yanapotea, yanarudi. Ambalo hukuliona mara mbili huliandiki. Ukimaliza, unahesabu kwa kanuni aliyoiweka Rudolf Wolf huko Bern, kabla hajahamia Zurich, katikati ya karne ya 19: idadi ya makundi ya madoa mara 10, ujumlishe idadi ya madoa yenyewe. Doa moja lililo peke yake ni kundi moja na doa moja, kwa hiyo hesabu ya siku hiyo ni 11. Kanuni hii yaonekana ya ajabu mpaka ujaribu kuhesabu kwa darubini mbili tofauti. Darubini kubwa huona madoa mengi zaidi, lakini makundi ni yaleyale karibu kwa wote, na Wolf aliyapa uzito mkubwa kwa sababu yanaaminika.

Lakini macho ya watu hayafanani. Alfred Wolfer, aliyemrithi Wolf, aliandika hata vidoa ambavyo mkubwa wake alikuwa akiviacha, na ikabidi hesabu zake zizidishwe kwa 0.6 ili zilingane na za zamani. Kila mwangalizi hupewa namba yake ya kuzidishia. Haimaanishi kwamba mmoja anaona vizuri na mwingine vibaya. Kinachotakiwa ni kila mtu ashike namna yake ileile, asiibadilishe katikati.

Elimu ya anga karibu yote imejengwa hivyo. Jua liko umbali ambao mwanga huchukua dakika 8 na sekunde 20 hivi kuuvuka, na nyota nyingine ziko mbali zaidi ya mara laki mbili ya hapo. Kinachotufikia, karibu chote, ni mwanga: umetoka upande gani, una nguvu kiasi gani, una rangi zipi, umefika saa ngapi. Mwaka 1908, George Ellery Hale wa Mount Wilson, California, aliutawanya mwanga wa madoa katika rangi zake na kukuta mistari iliyogawanyika kwa namna ambayo sumaku peke yake ndiyo huifanya. Baadaye tukajua kwamba doa ni mahali ambapo nguvu ya sumaku imezuia joto kupanda kutoka chini, na kwa sababu hiyo ni baridi kuliko pembeni kwa zaidi ya nyuzi 1,000, na huonekana jeusi. Lakini Hale alikuta njia imeshasafishwa. Heinrich Schwabe, mwuza dawa wa Dessau, Ujerumani, alianza kuchora madoa mwaka 1826 akitafuta sayari iliyo ndani ya njia ya Zebaki. Sayari hakuiona. Baada ya miaka 17 ya michoro aliona kitu ambacho hakukitafuta: madoa huzidi na kupungua kwa mzunguko, ambao leo tunajua ni wa miaka 11 hivi.

Sasa turudi ziwani. Mvua kubwa zilizoanza mwisho wa 1961 zililipandisha Ziwa Viktoria kwa zaidi ya mita 2, na Mei 1964 likafika juu kuliko ilivyowahi kuandikwa. Mwaka huohuo jua lilikuwa karibu halina doa, katika kipindi chake cha chini kabisa. Mei 2020 maji yaliifikia na kuipita kidogo alama ya 1964, nyumba na fukwe za Kisumu zikamezwa, na kipindi cha chini cha jua kilikuwa kimepita Desemba 2019. Ungesema basi kwamba mambo yamegeuka, ziwa hujaa madoa yakiisha. Lakini Mei 2024 maji yakapanda tena na kuipita alama ya 2020, na safari hii jua lilikuwa kileleni, limejaa madoa. Kinachojulikana vizuri zaidi ni kwamba sehemu kubwa ya maji ya ziwa ni mvua inayolinyeshea moja kwa moja, na kwamba mwaka 1961 na 2019 Bahari ya Hindi ilikuwa na joto kuliko kawaida upande wetu wa magharibi na baridi upande wa Indonesia, hali inayotuletea mvua nyingi.

Hata hivyo mlango haukufungwa. Mwaka 2007 watafiti wakiongozwa na Curt Stager waliyafungua upya madaftari yote mawili na kuona kwamba katika karne ya 20 vipindi vya mvua nyingi vilielekea kutangulia vilele vya jua kwa mwaka mmoja hivi. Tangu 1992 kuna pia setilaiti, ya kwanza ikiwa TOPEX/Poseidon, zinazopima uso wa ziwa kwa mawimbi ya redio kila baada ya siku 10 hivi. Nazo hulinganishwa na bamba la pale ufuoni.

Hesabu ya jua ilihama Zurich, na tangu 1981 hukusanywa Brussels kutoka kwa waangalizi wa nchi nyingi, wengi wao wa kujitolea. Darubini aliyoitumia Wolf ina upana wa milimita 80, kipimo ambacho shule ya sekondari inaweza kukimudu, na watu kama Susan Murabana, anayezunguka shule za Kenya na darubini kubwa kuliko hiyo, wameshaonyesha kwamba watoto hawachoki kusubiri zamu. Ningependa shule moja ya ufuoni, Dunga au Kendu Bay, ifungue madaftari yote mawili. Maji yasomwe kwanza, jua likipanda lichorwe, na saa iandikwe ya kimataifa, yaani ipunguzwe saa 3. Siku ya jua safi lisilo na doa waandike 0. Siku ya mawingu wasiandike kitu, na Aprili, mvua za masika zikiwa zimeshika, kurasa nyingi zitakuwa hivyo.