Namna ya Kuipima Michoro ya Misitu ya Kaskazini

Atakaye kuijua thamani ya mchoro wa mandhari ya kaskazini, yaani ile misitu na maziwa ya Kanada ambako baridi hutawala sehemu kubwa ya mwaka, na aanze kuitazama theluji, kwa kuwa hapo ndipo mchoraji dhaifu hufedheheka mapema. Asiyepata kuishi nayo hudhani kuwa theluji ni nyeupe. Ilhali aliyeikalia kwa subira anajua kwamba, jua likiwa chini, upande upigwao na mwanga huingia umanjano na uwaridi, na vivuli vya miti hulala juu yake kwa samawati na zambarau, hata ule weupe mtupu ukawa haba mno. Basi ukiikuta theluji iliyopakwa weupe mmoja toka pembe hii hadi ile, na vivuli vya kijivu vilivyopatikana kwa kuchanganya nyeusi na nyeupe, usijisumbue kuitafuta sahihi ya mwenyewe.

Lakini kipimo nikitegemeacho kuliko vyote ni ubao mdogo uliochorwa papo hapo msituni. Tom Thomson, mchoraji aliyezaliwa Ontario mwaka 1877 na kujipatia riziki Toronto kwa kuchora matangazo ya biashara, alifika katika hifadhi ya Algonquin kwa mara ya kwanza mwaka 1912, na baadaye akawa aghalabu yuko huko tangu theluji inapoyeyuka hadi majani yanapopukutika, akivua samaki, akiwaongoza wageni majini, akilala hemani, na mwaka 1916 akaajiriwa kuulinda msitu na moto. Mtumbwini alichukua sanduku lenye mifereji ya kuzitenga mbao zilizochorwa zisigusane zingali mbichi, na ubao mmoja ulikuwa na kadiri ya sentimeta 21 kwa 27, usiozidi sana ukurasa wa daftari. Katika nafasi finyu namna hiyo, na katika baridi inayoifanya rangi ya mafuta kuwa nzito na kuikataa brashi, au katika siku za mwanzo wa kiangazi ambapo visubi humwingia mtu machoni na masikioni, mchoraji hana fursa ya kusitasita: alionalo hana budi kulikata shauri papo hapo. Kwa hiyo usogeze uso karibu, uangalie kama brashi imelifuata umbo la kitu, ikapanda pamoja na shina na kulala pamoja na maji. Kisha utafute mahali ambapo ubao wenyewe umeachwa wazi baina ya rangi na rangi, ukafanya kazi ya gome au ya udongo pasipo kuguswa. Mwigaji haachi pengo lolote, kwa khofu ya kuambiwa hakumaliza.

Rai yangu, na najua wengi wataikataa, ni kwamba turubai kubwa zilizofanywa mjini wakati wa baridi, hizo zinazosifiwa sana, nyingi hazifikii mbao zilizozizaa. Mchoro wa Thomson uitwao The Jack Pine, wa mwaka 1916 hadi 1917, ambao Jumba la Sanaa la Taifa mjini Ottawa liliununua mwaka 1918, nautoa katika hukumu hiyo. Msonobari umesimama mbele ya ziwa lililotulia, mbingu na maji yamejengwa kwa mapana ya brashi yaliyolazwa safu juu ya safu, na kandokando ya matawi, wekundu uliotangulia kupakwa chini hujitokeza kidogo kidogo, ukaipa jioni ile joto ambalo kijani peke yake kisingalilipata. The West Wind, ndugu yake wa majira yayo hayo, nauheshimu. Lakini mawimbi yake yananielemea.

Lawren Harris, mmoja wa waasisi wa lile kundi la wachoraji wa Kanada liitwalo Kundi la Saba, mwaka 1920, apimwe kwa mizani nyingine. Katika mchoro wake wa 1926 wa kisiki kando ya ziwa Superior hakuna brashi ya kufuatia. Umelainishwa kabisa, na swali la haki ni moja tu, kama ile nuru ina uzito au ni pambo.

Hadhari nyingine ni ya mnunuzi. Thomson alifariki katika ziwa la Canoe mwezi Julai 1917, na mauti yake yamezungukwa na visa vingi ambavyo wauzaji huvisimulia kabla hujautazama mchoro. Waache waseme, nawe ugeuze ubao. Rafiki yake J.E.H. MacDonald ndiye aliyebuni muhuri wa mirathi, wenye herufi TT na mwaka 1917, uliogongwa kwenye kazi alizoziacha marehemu. Ila kuuiga muhuri ni rahisi kuliko kuiiga theluji, na bandia za Thomson zimekuwapo sokoni.

Mwenye kujaliwa safari ya Ontario na aanzie Kleinburg, katika jumba la McMichael, ambako hata kibanda alichofanyia kazi Thomson mjini Toronto kilihamishiwa mwaka 1962. Azishibe kwanza mbao, ndipo aende Ottawa kwenye turubai. Akigeuza mwendo huo, ukubwa utamhadaa.