Kicheko Kisichochacha

Miaka ya sabini gazeti la Uhuru lilitufikia sisi wa nyanda za juu za Kigoma likiwa limechoka. Lilitoka Dar es Salaam kwa reli ya kati hadi Kigoma mjini, kisha likapanda milima kwa lori au basi. Lilipofika Buhigwe, ambayo wakati huo ilikuwa ndani ya Wilaya ya Kasulu, habari zake tulikwisha zisikia Redio Tanzania. Hata hivyo tuligombea kulisoma, na wengi tulianzia kwa Chakubanga. Habari ilichachia njiani. Chakubanga alifika mzima.

Chakubanga alichorwa na Christian Gregory. Alipendwa hata jina lake likageuka neno la kawaida: mtu alipotaka kutaja katuni ya gazeti lolote, alisema "chakubanga". Sijui sifa kubwa kuliko hiyo kwa mchoraji.

Ninazo kurasa chache sandukuni. Juzi mjukuu wangu alizifunua akacheka. Hajapata kupanga foleni ya sukari, wala hajui duka la RTC lilikuwa nini. Lakini karani anayemwambia mwananchi "njoo kesho" anamfahamu vizuri. Hapo ndipo penye nguvu ya michoro ile. Ilicheka tabia, na tabia huishi kuliko tukio. Hata jarida la Sani, lililokuja baadaye, lilifuata njia hiyo: mhusika wake akiitwa Ndumilakuwili, msomaji alikwisha mjua kabla hajafungua kinywa, maana kila kijiji kina ndumilakuwili wake.

Lakini tusisifu bila kupima. Uhuru lilikuwa gazeti la chama, na chama kilikuwa kimoja. Kicheko kilimpiga karani, mlevi na mzembe, kikaishia mlangoni kwa wakubwa. Operesheni Kigoma ya mwaka 1972, iliyowahamisha watu wetu kutoka kwenye migomba yao, haimo katika kurasa nilizonazo. Tena, michoro iliyomcheka mshamba kwa sababu tu ni mshamba, au mke kwa sababu tu ni mke, imekufa. Mjukuu wangu aliipita bila kutabasamu. Kumcheka mnyonge ni rahisi, ila hakudumu.

Kipimo hiki nilifundishwa na mtoto, nami nilimlipa kwa fimbo. Mwaka 1983, wakati wa uhaba, nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi. Sukari kidogo iliyopatikana ilikuwa ya uji wa wanafunzi. Asubuhi moja nilikuta ubaoni chakubanga: mwalimu mwenye tumbo, anakunywa chai na wageni, na nyuma yake mstari wa watoto wenye vikombe vitupu. Hapakuwa na jina. Darasa zima lilikuwa kimya, nami nikajijua. Nilimtafuta mchoraji, nikamchapa mbele ya wenzake, nikaandika katika kitabu cha adhabu: "utovu wa nidhamu."

Mchoro ule haukuwa na uongo hata mstari mmoja. Sukari ile niliitumia kweli kwa wageni wangu. Ningeweza kusema wageni wenyewe walikuwa wakaguzi, na kwamba heshima ya shule ilidai hivyo. Ndivyo nilivyojitetea moyoni miaka mingi. Lakini aliyeshika chaki aliona vikombe, na vikombe vilikuwa vitupu.

Kwa hiyo, msomaji wangu, mtu akiniuliza katuni njema ni ipi, sitazami kwanza ufundi wa mkono. Natazama nani anacheka na nani anakosa usingizi. Christian Gregory aliwakosesha usingizi makarani wengi. Yule mtoto alinikosesha mimi, na mchoro wake, niliouamuru ufutwe siku ileile, ndio pekee ninaoukumbuka wote, mstari kwa mstari.