Kuchagua Ardhi ya Kupimia Setilaiti

Setilaiti ya kupiga picha za dunia ikisharushwa, fundi haifuati tena huko juu. Vioo vyake hufifia, na hata taa zilizofungwa ndani ili ijipime nazo huchakaa. Miaka ikipita, shamba laweza kuonekana limebadilika rangi, kumbe kilichobadilika ni kihisi. Ndipo wataalamu hutafuta ardhi isiyobadilika wapate kukihakiki, kama mkaguzi anavyohakiki mizani ya sokoni kwa jiwe ambalo uzito wake unajulikana.

Naistahi sana kazi hii ya kutafuta. Mwaka 1996 Cosnefroy, Leroy na Briottet walichapisha utafiti wao wa majangwa ya Afrika Kaskazini na Uarabuni. Walichambua picha za setilaiti ya Meteosat wakateua maeneo 20, kila moja kilomita 100 kwa 100. Jangwa lolote tu halikutosha: mawingu yawe haba, mimea isiwepo, na mng'ao wa mchanga ufanane tangu ukingo huu hadi ule. Mojawapo, liitwalo Libya 4, limejaa matuta ya mchanga, nalo bado linategemewa mno. Ukilitazama kwa upana, vivuli vya matuta hufuata mwendo wa jua, na mwendo wa jua hukokotoleka.

Lakini kihisi kinachoona kipande cha mita 10, kama cha setilaiti ya Sentinel-2, hukutana na mteremko mmoja na kivuli chake. Huko Gobabeb, Namibia, mto Kuiseb umegawa jangwa: kusini matuta, kaskazini tambarare ya changarawe. Kwa vihisi vya namna hiyo, wataalamu wakachagua changarawe. Walipita kwa miguu na kipimamwanga, wakipima ubao mweupe wa kulinganishia, kisha ardhi, kisha ubao tena, kwa sababu jua halitulii. Tangu 2017 kuna mlingoti wa mita 10 hivi, na juu yake kifaa kinachotazama jua, anga, halafu changarawe iliyo chini, kikirudia mzunguko huo kutwa. Asubuhi nyingine ukungu wa Atlantiki huingia, na hapo hakuna la kufanya ila kungoja.

Utulivu huohuo wa ardhi una gharama yake. Kwenye tambarare za Namib alama ya tairi hudumu kwa miongo, kwa hiyo gari likikatiza ovyo, setilaiti zitakuwa zikipimwa juu ya kovu lake.