Wolverine Forodhani: Jina, Mwili na Ubinadamu katika Sanamu za Kuchezea za X-Men

Swali lililofikishwa mbele ya Mahakama ya Biashara ya Kimataifa ya Marekani katika kesi ya Toy Biz dhidi ya Marekani lilikuwa la forodha: je, sanamu za plastiki zenye majina ya mashujaa wa vitabu vya katuni, wakiwamo X-Men, ni wanasesere au ni vitu vingine vya kuchezea? Jedwali la ushuru lililotumika bidhaa hizo zilipoingizwa nchini humo, katika miaka ya 1990, liliwatoza wanasesere wanaowakilisha binadamu tu asilimia 12, na vitu vya kuchezea vinavyowakilisha wanyama au viumbe wasio binadamu asilimia 6.8. Januari 2003 Jaji Judith Barzilay aliamua kwamba sanamu hizo si wanasesere. Mwagizaji akashinda. Tangu hapo hukumu hiyo husimuliwa kama kichekesho cha wanasheria, ilhali kwa kweli ni kazi ya uhakiki: mahakama ilisoma wahusika, ikapima maumbile yao, ikatoa tafsiri. Inafaa basi ipimwe kama uhakiki unavyopimwa.

Kinachopaswa kuulizwa kwanza ni kilichosomwa. Sanamu ya Wolverine ina makucha marefu yanayochomoza mikononi, na jaji aliyataja. Lakini makucha peke yake hayatoshi, kwani mtu aliyeshika visu ni mtu. Ili makucha yawe sehemu ya mwili, mtazamaji hana budi kujua hadithi, na kinachoileta hadithi ndani ya plastiki ni jina. Mfano wa Professor X unalidhihirisha jambo hili zaidi. Chonga mzee mwenye upara katika kiti cha magurudumu, umwache bila jina, na hakuna afisa wa forodha atakayeona ndani yake chochote kisicho cha kibinadamu. Mwite Professor X, naye mara moja anakuwa msoma mawazo ya watu. Jina la pekee hapa haliielekezi sanamu kwa mhusika na kuishia hapo. Linahamisha matini nzima.

Ulinganisho na G.I. Joe unalipa hoja hii uzito. Hasbro ilipoitoa sanamu hiyo ya askari mwaka 1964, iliepuka kwa makusudi kuiita mwanasesere, kwa hofu kwamba wavulana wangeikataa, na ikaibunia istilahi mpya yenye kusisitiza vitendo. Istilahi hiyo ilishinda sokoni lakini ikashindwa mahakamani: mwaka 1989 mahakama ya rufaa ilishikilia kwamba G.I. Joe ni mwanasesere. Plastiki ni ileile na viungo vinakunjika vilevile. Kilichomtenga Wolverine na askari huyo, mbali na maneno ya jedwali yaliyokuwa yamebadilika, ni hadithi iliyo nyuma ya jina lake.

Na hadithi hiyo inasema nini? Hapa ndipo usomaji wa mahakama unapolegea. Tangu Stan Lee na Jack Kirby walipoanzisha X-Men mwaka 1963, mgogoro mkuu wa simulizi hizo umekuwa ni nani mwenye haki ya kuhesabiwa kuwa mtu. Mashujaa wake ni mutanti, yaani watu waliozaliwa na jeni zilizobadilika, nao huwindwa na wale wanaodai kwamba tofauti hiyo inawatoa katika ubinadamu. Katika God Loves, Man Kills ya Chris Claremont (1982), dai hilo limewekwa kinywani mwa mhubiri Stryker, na matini yote imejengwa ili lichukize. Mahakama ilichukua kutoka katika hadithi neno mutanti, ikaacha hukumu ambayo hadithi yenyewe imekwisha kuitoa kuhusu neno hilo. Kwa istilahi za uhakiki, ilimwamini mhusika mwovu dhidi ya msimulizi. La kushangaza zaidi, aliyeomba tafsiri hiyo alikuwa upande wa wenye hadithi: Toy Biz na Marvel ziliungana mwaka 1998. Wasomaji waliokasirika mwaka 2003 walikuwa na sababu za kifasihi, si za ushabiki tu.

Itajibiwa kwamba jaji alifungwa na neno moja la jedwali, “tu”, na kwamba kiumbe mwenye sifa ya ziada hawezi kuwa binadamu tu. Jibu hilo lina nguvu kisheria, lakini kifasihi linabomoa mengi mno. Fumo Liongo, ambaye silaha haimpenyi ila sindano ya shaba ya kitovuni, angeangukia fungu la asilimia 6.8. Hata hivyo masimulizi yanamwacha awe na mama anayemfichia tupa ndani ya mkate, na mwana (kwingine ni mpwa) anayemsaliti. Maajabu ya mwili wake ndiyo yanayoufanya usaliti huo wa kibinadamu uumize.

Sarufi ya Kiswahili nayo ingeliuliza swali hili kwa namna nyingine. Upatanisho wa a-/wa- hautenganishi binadamu na asiye binadamu: mtoto amelala, na simba amelala. Mwanasesere, ambaye ndani ya jina lake mna mwana, huingia humo bila kizuizi, ingawa hana uhai. Kwa kitu hichohicho mzungumzaji ana njia tatu. Wolverine amevunjika mkono, ikiwa jina ndilo linalotawala. Kinyago kimevunjika, ikiwa plastiki ndiyo inayotazamwa. Na akitaka kumfanya dubwana, lipo li- la jitu na zimwi. Mtoto anayecheza huweza kupita katika zote tatu ndani ya dakika moja bila kujipinga. Jedwali la ushuru lilimpa jaji milango miwili tu, na wote wawili ulimtaka asahau kwamba kilichokuwa mezani kilikuwa plastiki.

Marekebisho ya mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa ya mwaka 2007 yaliunganisha mafungu hayo mawili kuwa moja, na forodha haihitaji tena kuamua. Hukumu yenyewe haikufutwa. Imebaki katika kumbukumbu za mahakama ikiwa na tafsiri yake ya X-Men, tafsiri ambayo Stryker angeitia saini.