Kitabu Kizima au Kilichofupishwa? Uchaguzi wa Matini na Hatima ya Istilahi

Mfasiri akabidhiwapo kazi, swali la kwanza ajiulizalo huwa ni la maneno. Sisi tunaona kwamba swali la kwanza lingepasa kuwa la kitabu chenyewe: je, ni kizima au kimefupishwa? Suala hili tulilikuta Bangwe, karibu na Kigoma, ambako walimu na wainjilisti walikuwa wakijadiliana ni toleo lipi la kitabu kikuu cha John Calvin, kihusucho misingi ya dini ya Kikristo, lifaalo kufasiriwa. Wengi walitaka lililofupishwa, kwani karatasi ni ghali na msomaji wa jioni amekwisha choshwa na kazi za mchana. Hoja hizo hatuzidharau. Lakini hazitoshi.

Yupo aliyesema kwamba Calvin mwenyewe alianza na kitabu kidogo. Ni kweli. Toleo la mwaka 1536 lilikuwa na sura 6 tu. Lile la mwaka 1559 lina vitabu vinne na sura 80. Hata hivyo, kile kidogo cha 1536 ni kizima kwa mpango wake, ilhali ufupisho wa kile cha 1559 ni kazi ya mkono mwingine. Vivyo hivyo, wanazuoni waliokutana Westminster walitunga katekisimu mbili, kubwa yenye maswali 196 na fupi yenye maswali 107. Ile fupi si masalio ya ile kubwa. Ilitungwa kwa ajili ya wanafunzi wachanga. Basi ufupi si kosa. Kosa ni kutojua ni nani aliyefupisha, na kwa shabaha gani.

Tutoe mfano mmoja. Katika kitabu cha tatu, Calvin anaeleza maisha ya Mkristo katika sura ya 6 hadi ya 10, kuhesabiwa haki katika sura ya 11 hadi ya 18, sala katika sura ya 20, na uteule katika sura ya 21 hadi ya 24. Mpangilio huo ni sehemu ya hoja. Mfupishaji autangulizaye uteule humfanya mwandishi aonekane kuanza mahali ambapo hakuanzia. Tena, istilahi "kuhesabiwa haki", ambayo wasomaji wa Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 wameizoea, ina maana ya hukumu itolewayo na hakimu. Utakaso ni badiliko la mwenendo. Calvin huyatofautisha mambo hayo mawili bila kuyatenganisha. Maelezo yakikatwa, istilahi hubaki peke yake, na mfasiri apendaye wepesi huandika "kufanywa mwema". Hapo dhana mbili zimekuwa moja, na sura 8 zilizoandikwa ili kuzipambanua zimepotea bure.

Ujiji ni jirani, na chuoni suala hili si geni. Imamu Nawawi, katika Minhaji, alikifupisha kitabu cha Imamu Rafii. Na katika dibaji alieleza alichokusudia, alichoongeza na alichorekebisha. Msomaji hakudanganywa. Kutokana na mapokeo hayo na matumizi ya kawaida, tunapendekeza maneno manne yasichanganywe. *Muhtasari* ni hoja za kitabu zilizosimuliwa upya kwa maneno machache. *Ufupisho* ni maneno ya mwandishi mwenyewe, baadhi ya sehemu zikiwa zimeondolewa. *Dondoo* ni sehemu iliyochaguliwa na kutolewa nzima. *Toleo lililorahisishwa* ni lile ambalo lugha yake imelegezwa. Zile sura tano za maisha ya Mkristo, zikichapwa peke yake, ni dondoo. Kuziita muhtasari ni kumpotosha mnunuzi.

Hatusemi kwamba kila ukurasa una thamani sawa. Toleo kamili limejaa mabishano na watu wa karne ya 16 ambao msomaji wa Bangwe hana haja nao, na kuyaacha si dhambi iwapo mfasiri atakiri. Lakini kazi ya kufasiri na ianze na kitabu kizima, istilahi zikiamuliwa humo. Ufupisho uchotwe baadaye, kwa istilahi zile zile, ukiwa na sherehe ya maneno mwishoni. Aidha, ukurasa wa jina utaje aliyefupisha na kilichoachwa.

Wavuvi wa Bangwe hukausha dagaa ili wasafiri mbali, na hakuna anayewalaumu. Lakini mchuuzi mwaminifu hamwambii mnunuzi kwamba dagaa wakavu ni wabichi. Wafasiri nasi tusiwe na uaminifu mdogo kuliko wake.